Tukikubali mashine ya kupumulia itolewe, tutakuwa tumemuua mgonjwa wetu?

Swali hili huulizwa kwenye korido za hospitali, mara nyingi usiku, na aghalabu huulizwa na yule mtoto mkubwa wa familia aliyetumwa akazungumze na daktari. Kwenye wodi ya wazazi huulizwa swali jingine la ukoo huohuo: mimba ina wiki 25, presha ya mama imepanda hadi anaona ukungu, tukimzalisha leo, tutakuwa tumemchagua nani? Maswali haya ni mazito, na hakuna makala itakayoyafanya mepesi. Ila sehemu ya uzito wake inatokana na mambo kadhaa yaliyosokotwa pamoja, ambayo familia inatakiwa iyafumue ndani ya nusu saa huku shangazi analia pembeni. Yakifumuliwa mapema, baadhi hubaki mazito vilevile, na baadhi huisha kabisa.

Zamani mwili wenyewe ndio uliokata shauri. Pumzi ikikatika, mtu amekufa. Mtoto akizaliwa miezi mitatu kabla ya wakati, hakuishi. Mwaka 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, Denmark, wanafunzi wa udaktari walikaa zamu kwa zamu wakiwapulizia wagonjwa hewa kwa mkono kupitia bomba lililotobolewa shingoni, na hapo ndipo lilipoanzia wazo la chumba cha wagonjwa mahututi, ICU kama wengi tunavyoiita. Tangu siku hizo, mambo ambayo yalikuwa yakitokea pamoja yanaweza kutengana: kifua kinapanda na kushuka wakati ubongo umekwisha, moyo unapiga wakati mwenye moyo hatarudi. Uamuzi uliokuwa wa mwili ukawaangukia watu.

Kisa kilichofungua mjadala huu duniani ni cha Karen Ann Quinlan, msichana wa miaka 21 wa New Jersey, Marekani. Aprili 1975 alizimia baada ya kunywa pombe na vidonge. Pumzi ikakatika kwa muda, ubongo ukaharibika, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Miezi ikapita bila fahamu kurudi. Wazazi wake, Wakatoliki washika dini, walizungumza na paroko wao kisha wakaomba mashine iondolewe. Madaktari wakakataa, wakihofu kushtakiwa kwa mauaji. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya New Jersey, na Machi 1976 wazazi wakashinda. Mashine ikaondolewa. Karen hakufa. Alipumua mwenyewe, akahamishiwa kwenye nyumba ya kuuguzia, akalishwa kwa mrija, na wazazi wake hawakuomba mrija huo utolewe hata siku moja. Aliishi mpaka Juni 1985, nimonia ilipomchukua.

Miaka hiyo tisa inajibu sehemu kubwa ya swali la korido. Kama kutoa mashine kungekuwa kumuua Karen, angekufa siku ileile. Wazazi hawakuwa wamekusudia kifo chake. Walikataa tiba moja ambayo kwa macho yao ilikuwa inamtesa bila kumrudisha, kisha wakayaacha maradhi yafuate njia yake, kwa maisha au kwa mauti. Angekufa saa ileile, muuaji angekuwa ni ule uharibifu wa ubongo wa Aprili 1975.

Viongozi wa dini zetu mbili kubwa walikwisha kulisema hili, ingawa waumini wengi hawajafikishiwa habari. Novemba 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida kulinda uhai, ila halazimiki kutumia zile za kupita kiasi ambazo ni mzigo mkubwa kwake au kwa wengine. Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Amman, Jordan, mwaka 1986 lilitamka kwamba mtu anahesabiwa amekufa moyo na pumzi vinaposimama moja kwa moja, au shughuli zote za ubongo zinapokoma bila uwezekano wa kurudi kwa ushahidi wa madaktari mabingwa. Na katika hali hiyo ya pili inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unapigishwa nayo. Ndugu anayesema "dini hairuhusu" anasema kwa uchungu, na uchungu huo ni wa kweli, lakini ni haki yake ajue kwamba wakubwa wa dini yake wamelitazama jambo hili kwa kina.

Wako wanaopinga. Wanasema kama mwisho ni mmoja, kuna tofauti gani kati ya kumchoma mtu sindano ya kifo na kumnyima tiba inayomweka hai? Hoja hii ina nguvu, na siwezi kuipita, kwa sababu kuacha tiba kunaweza kabisa kuwa kuua. Aprili 1982, huko Bloomington, Indiana, alizaliwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down ambaye koo lake la chakula halikuungana na tumbo. Hilo lilikuwa linatibika kwa upasuaji. Wazazi wakaukataa kwa sababu ya ulemavu wa akili aliozaliwa nao, mahakama ikawaunga mkono, na mtoto akafa akiwa na siku sita. Hakuna aliyemgusa. Hata hivyo Wamarekani wengi waliona kwamba kimetendeka kitu kiovu, na mwaka 1984 bunge lao likapitisha sheria ya kuwalinda watoto wa namna hiyo.

Viweke visa hivi viwili kimoja kando ya kingine. Kwa Karen, watu walipima tiba: mashine hii inamfanyia nini? Inamponya, inampunguzia mateso, au inarefusha tu kufa kwake? Kwa yule mtoto wa Indiana walipima mtu: huyu, na akili yake hiyo, anastahili kupasuliwa? Swali la kwanza daktari na familia wana haki ya kuliuliza, tena wanapaswa kuliuliza kila siku ya kulazwa. La pili halina mwenye haki ya kuliuliza. Naamini dhuluma nyingi zinazotendeka kimyakimya mahospitalini, kwa wazee, kwa walemavu, kwa watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa, huanzia pale swali la pili linapovaa nguo za la kwanza. "Hamna cha kufanya" hutamkwa wakati kipo cha kufanya, na aliyekosekana ni mtu wa kukifanya kwa ajili ya huyu.

Mkanganyiko mwingine unaotesa familia ni huu: "Mbona moyo bado unapiga?" Moyo una umeme wake wenyewe. Ukipata oksijeni utaendelea kupiga hata kama ubongo umekufa wote, ndiyo maana mkono wa marehemu wa namna hii ni wa moto na kifua kinapanda. Tangu kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipoweka vigezo mwaka 1968, madaktari wana vipimo vya kuthibitisha kifo cha ubongo: mboni haziitikii mwanga, koo haikohoi ikiguswa, na mgonjwa akiachishwa mashine kwa dakika chache huku akipewa oksijeni, hewa ya ukaa hupanda kwenye damu bila mwili kujaribu kuvuta pumzi hata mara moja. Hiyo si koma. Aliye katika koma ubongo wake ungali unafanya kazi, na anaweza kuzinduka. Wala si hali ya Karen, ambaye alikuwa na nyakati za kulala na kuamka bila dalili ya kujitambua. Kwa aliyekufa ubongo hakuna uamuzi wa kumwacha afe. Amekwisha kufa, na kinachobaki ni muda wa ndugu kufika. Familia iliyoambiwa "hali ni mbaya" bila kuelezwa ni ipi kati ya hali hizi tatu imetwishwa uamuzi gizani.

Sasa maumivu. Kuna hofu iliyoenea, hata kwa wauguzi, kwamba morfini ni dawa ya kumalizia mtu. Morfini ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa kulingana na maumivu hutuliza, na mgonjwa mwingi wa saratani aliyekuwa amejikunja kitandani huanza tena kula na kuzungumza. Hata pale mgonjwa aliye mahututi anapozidi kusinzia kwa dawa, nia na kipimo ndivyo vinavyotenganisha: dozi ya kutuliza ni ile inayosimama maumivu yakisimama. Uganda imetufundisha sote katika hili. Tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa, lililoanzishwa na daktari Anne Merriman, limekuwa likiwapa wagonjwa morfini ya maji ya kunywa, dawa rahisi ya kutengeneza inayoweza kutumiwa nyumbani. Na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, maana madaktari hawatoshi kufika kila kijiji. Nairobi Hospice ilikwisha kuanza kazi mwaka 1990. Tanzania kuna tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Selian kule Arusha.

Hapo ndipo ninapoutazama mjadala wa kumsaidia mgonjwa afe. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu kisheria mwaka 2002, na Ubelgiji ikaongeza watoto mwaka 2014. Afrika Kusini, Aprili 2015, mwanasheria Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa. Mahakama ilikubali, lakini yeye alikuwa amekwisha kufariki saa chache kabla ya amri kutoka, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Kwetu, Kenya na Tanzania, jambo hilo ni kosa la jinai. Siwabezi wanaolitaka; wengi wamewauguza watu waliokufa vibaya. Ila mgonjwa anayeomba afe kwa sababu hajawahi kupewa morfini hajawekewa mambo mawili achague. Kilio chake ni cha maumivu, na maumivu yana dawa.

Turudi wodi ya wazazi. Yule mama wa wiki 25 mwenye dalili kali za kifafa cha mimba ana ugonjwa ambao tiba yake ni moja, kujifungua. Watu husema "amchague mama au mtoto", na msemo huo unapotosha. Mama akipata degedege na kuvuja damu kichwani, mtoto naye hufa tumboni. Kungoja huwapoteza wote wawili. Mambo huwa magumu kweli pale ugonjwa si mkali na kila siku ya kungoja inamwongezea mtoto nafasi. Hapo kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, kuna deksamethasoni ya kuyakomaza mapafu ya mtoto, na kuna kumpima mama mara kwa mara. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulithibitisha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hata katika hospitali zisizo tajiri. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haina hata huo ugumu: kilichopo kwenye mrija hakiwezi kukua kikaishi, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa siku hiyohiyo.

Sheria zetu hapa zinatoa nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, na ibara hiyohiyo inaruhusu mimba itolewe ikiwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona kuna haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaharamisha utoaji mimba, lakini kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Na mwanamke aliyefika anavuja damu, hata kama yaliyompata aliyafanya mwenyewe vichochoroni, ni mgonjwa wa dharura. Kumwacha asubiri ili "ajifunze" ni kupima mtu badala ya tiba, lile kosa la Indiana lililobadilishiwa mahali.

Kuna namba moja inayofanya kazi kubwa kimyakimya: wiki 28. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huchukulia mimba iliyofika wiki 28 kuwa ni ya mtoto anayeweza kuzaliwa hai. Namba hiyo ni urithi wa sheria za Kiingereza za zamani, wakati hakuna mashine. Leo Japani na Sweden huwahudumia watoto wa wiki 22. Kwetu wa wiki 26 yuko katika hatari kubwa kweli, lakini angalia jinsi mduara unavyojifunga: mtoto wa wiki 26 akiandikwa "mimba imeharibika" hapewi joto wala hewa, anakufa, kisha kifo chake kinakuwa ushahidi kwamba wa wiki 26 hawaishi. Na wiki zenyewe huhesabiwa kwa hedhi ambayo mama huenda haikumbuki vizuri. Aliyedhaniwa wa 26 anaweza kuwa wa 28. Ndiyo maana nawaheshimu wauguzi wanaomtazama kwanza mtoto mwenyewe, kama anapumua na kujitikisa, kabla ya kutazama kadi. Huduma ya kangaruu, mtoto kufungwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, haihitaji umeme. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba ikianzwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja njiti atulie kwanza, vifo hupungua kwa robo.

Kisa kinachoitingisha hoja yangu yote ni cha Manchester, Uingereza, mwaka 2000. Pacha walioungana walizaliwa na wazazi Wakatoliki kutoka kisiwa cha Gozo, Malta. Mahakama iliwaita Jodie na Mary. Moyo wa Jodie ndio uliokuwa ukisukuma damu ya wote; wa Mary haukufaa. Wakiachwa, wangekufa wote ndani ya miezi. Wakitenganishwa, Mary angekufa mezani. Wazazi wakakataa: hawawezi kuridhia mtoto mmoja auawe kwa ajili ya mwingine. Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliamuru upasuaji, ukafanyika Novemba, Mary akafa, Jodie akapona na akakua. Hapa hatuwezi kusema tumepima tiba tu, kwa sababu tiba ya mmoja ilikuwa kifo cha mwingine. Majaji walilijua hilo na hukumu zao zinaonyesha jinsi walivyoumia. Nikiwasoma nawaelewa, nikiwafikiria wazazi nawaelewa pia, na sioni aibu kubaki hapo.

Sisi tuliwajua Maria na Consolata Mwakikuti wa Makete, waliozaliwa wameungana, wakasoma mpaka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, Iringa, na kufariki pamoja Juni 2018. Walisema wazi kwamba hawataki kutenganishwa. Tofauti yao na Jodie na Mary ni kubwa kitabibu. Lakini walikuwa na sauti yao wenyewe, na hilo linatupeleka kwenye fundo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote kwetu: nani ana kauli.

Kabla ya hapo niseme neno juu ya uhaba, maana nusu ya maamuzi yetu huamuliwa na kitanda. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 kutafuta nafasi ya ICU, akafa. Mwaka 1997 mgonjwa wa figo wa Durban, Thiagraj Soobramoney, alimshtaki waziri wa afya wa jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwa kunyimwa dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Mahakama ya Katiba ikasema hospitali ina haki ya kuwatanguliza watakaofaidika zaidi maadamu vigezo ni vya haki na vinatumika kwa wote, na siku chache baadaye akafariki. Hukumu hiyo ni chungu, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo sisi mara nyingi hatuna: vigezo vilivyoandikwa. Kwetu kigezo huwa ni simu ya mkubwa fulani, au amana inayodaiwa mapokezini. Familia ikiuza shamba kulipia siku za ICU ambazo daktari anajua hazitamrudisha mgonjwa, na daktari hasemi, hiyo nayo ni dhuluma.

Sasa kauli. Kwetu mgonjwa hufichwa. Majibu ya saratani huambiwa kaka, kaka anamwambia baba mdogo, kikao kinakaa, na mwenye mwili anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tunafanya hivyo kwa upendo, na sipendi wanaoudhihaki utaratibu wa ukoo kana kwamba mtu mgonjwa ni kisiwa. Wengi wetu hatutaki kuamua peke yetu. Lakini mzee anaweza kuchagua mwanawe azungumze badala yake, na hiyo ni kauli yake. Kuchaguliwa bila kuulizwa ni jambo tofauti. Ninavyoona, wengi wa wanaofichwa hujua. Wanachokosa ni nafasi ya kusema wapelekwe wapi, wamwite nani, deni gani lilipwe, na kama wanataka bomba kooni au hawataki.

Kenya ina njia ya wazi: Sheria ya Afya ya 2017 inamtambua mtu ambaye mgonjwa amempa mamlaka kwa maandishi kuridhia matibabu kwa niaba yake. Karatasi moja, sahihi, nakala kwa daktari. Popote mtu anapoishi, kutamka mbele ya watu wawili watatu nani atakuwa na kauli kunapunguza ugomvi wa korido kwa kiasi kikubwa, hasa pale mtoto aliyekuja kwa ndege kutoka ng'ambo anapotaka kila kitu kifanywe na yule aliyeuguza miaka mitatu amechoka.

Na ukishakuwa wewe ndiye uliyetumwa kuzungumza na daktari, usianze na "kuna matumaini?" Uliza: tiba hii ikifanya kazi vizuri kabisa, mama atakuwa katika hali gani? Uliza: tunaweza kuijaribu kwa siku kadhaa, tukapatana tangu sasa ni dalili zipi zitatuambia inasaidia au haisaidii? Uliza pia: mkiiacha hii, mtaendelea kumfanyia nini? Jibu la swali hilo la mwisho lazima liwe refu. Lazima litaje dawa ya maumivu na nani ataitoa usiku, kugeuzwa ili asipate vidonda, kulowanishwa mdomo, ruhusa ya ndugu kukaa naye na ya sheikh au padri kuingia, na kama anaweza kurudishwa nyumbani akitaka. Daktari akijibu "hamna kitu tena", mwombe aitwe mtu wa tiba shufaa, na msiondoke hapo mpaka aitwe.